Uliza Dalili Zilianza Lini: Ushauri kwa Wanaofuatilia Milipuko ya Magonjwa

Kwa muda niliofanya kazi ya afya ya jamii, nimeshuhudia mara nyingi daftari likitangulia dawa katika kudhibiti mlipuko. Kila mgonjwa apewe mstari wake: umri, anapoishi, maji anayotumia, watu aliokutana nao na, zaidi ya yote, tarehe dalili zilipoanza. Wengi huandika tarehe aliyofika kituo cha afya kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, ilhali tarehe hiyo haisemi aliambukizwa lini.

Dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya mtu kula au kunywa kitu chenye vimelea; kwa hiyo, ukiijua siku aliyoanza kuharisha, utahesabu kurudi nyuma na kumuuliza juu ya siku hizo chache tu: alichota maji wapi, alikula kwa nani, alihudhuria mazishi gani. Kwa surua hesabu huenda mbele na nyuma, maana mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baadaye.

Makazi ya wagonjwa yatiwe kwenye ramani, hata ya kuchorwa kwa mkono. Mwaka 1854, jijini London, daktari John Snow aliona vifo vya kipindupindu vimeizunguka pampu ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Ninachokithamini zaidi ni kwamba aliwafuatilia pia waliofariki mbali na hapo, akagundua kuwa baadhi yao walikuwa wakinywa maji ya pampu hiyohiyo. Mgonjwa asiyelingana na wenzake ndiye wa kuhojiwa kwa utulivu zaidi.

Majibu ya kweli hayapatikani kwa mtu anayehofia jina lake kutangazwa. Mhoji faraghani, mweleze sababu ya kila swali, na usiondoke bila kuhakikisha kwamba familia inajua kutibu maji na kumnywesha mgonjwa wa kuhara maji ya chumvi na sukari bila kuchelewa.

Wagonjwa wanapopungua, endelea kuandika. Siku isiyo na mgonjwa mpya iandikwe sifuri, kwa sababu nafasi tupu haionyeshi kama ugonjwa haukuwepo au hakuna aliyeuliza. Kwa Ebola, ambayo dalili zake huweza kuchelewa hadi siku 21, mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, na kila moja ya siku hizo huhitaji taarifa yake.