Je, mfuko wa kupimia damu ndio unaosaidia, na kwa nini watafiti waligawa hospitali badala ya akina mama?

SWALI: Mimi ni mkunga katika kituo cha afya mkoani Tanga. Tumeletewa mifuko ya plastiki yenye mistari ya vipimo, ya kuwekwa chini ya mama mara tu mtoto anapozaliwa, tukaambiwa utafiti umethibitisha kuwa inapunguza madhara ya kutokwa na damu nyingi. Naomba kueleweshwa: ni mfuko wenyewe unaosaidia? Na kwa nini watafiti hawakuwagawa akina mama mmoja mmoja, kama inavyofanyika katika majaribio ya dawa?

JIBU: Ndugu mkunga, mfuko peke yake hauzuii damu, na jambo hilo lilikwisha kupimwa. Katika nchi 13 za Ulaya, vituo 78 vya uzazi viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi vikatumia mfuko wa kukusanyia damu, vingine vikaendelea kukadiria kwa macho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliotokwa na damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 1.71 upande wa mfuko na 2.06 upande wa pili, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kwamba mfuko umesaidia.

Utafiti mlioelezwa bila shaka ni E-MOTIVE, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, ukafanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha akina mama 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Humo mfuko ulifungamanishwa na tiba. Damu ikifika mililita 500, au 300 zikiambatana na dalili nyingine ya hatari, mkunga anakanda mji wa mimba, anatoa oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke) na maji ya mshipani, anamkagua mama kutafuta chanzo cha damu na kuita msaada, yote kwa mkupuo mmoja, bila kungoja hatua ya kwanza ishindwe ndipo aanze ya pili. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa akina mama waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwa sababu hiyo, walikuwa asilimia 1.6 katika hospitali zilizopewa utaratibu huo, na 4.3 katika zile zilizoendelea na huduma ya kawaida. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kupungua kwa waliopoteza lita moja au zaidi, kwa hiyo isisomwe kana kwamba vifo pekee vilipungua kwa kiasi hicho.

Nimeshuhudia mwenyewe jinsi jicho linavyokosea. Usiku mmoja katika wodi ya leba nilipima kanga iliyotolewa chini ya mama ambaye damu yake ilikuwa imeandikwa kuwa ya kawaida. Ikiwa kavu ilikuwa na gramu 200. Ikiwa imelowa ilifika 750. Gramu 550 za damu ni karibu mililita 520, na bado kulikuwa na damu kwenye mpira wa kitandani na sakafuni. Mkunga aliyeandika hakuwa mzembe; kitambaa kinaficha damu, tena chenye maua mekundu huficha zaidi. Katika E-MOTIVE, huduma ya kawaida iligundua asilimia 51.1 tu ya waliotokwa na damu nyingi, ilhali kwa mfuko waligunduliwa asilimia 93.1.

Kuhusu swali lako la pili, kidonge unaweza kumpa mama wa kitanda cha kwanza na kumnyima wa kitanda cha pili, lakini ujuzi hauwezi kugawanywa hivyo. Mkunga akishafundishwa kutibu kwa mkupuo mmoja, hatauacha ujuzi huo anapomhudumia mama wa kundi la ulinganisho, yaani lisilopewa utaratibu mpya, wala dhamiri yake haitamruhusu. Makundi mawili yangefanana, na utafiti ungesema hakuna faida ilhali ipo.

Kugawa hospitali kuna gharama yake. Akina mama wa hospitali moja hufanana, kwa kuwa wanahudumiwa na wakunga walewale kwa dawa zilezile, hivyo kila mama anayeongezwa huleta taarifa pungufu kuliko angetoka mahali pengine. Tuseme kila hospitali ina akina mama 100 na kipimo cha kufanana kwao, ambacho 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa, ni 0.02: unazidisha 99 kwa 0.02, unajumlisha 1, unapata 2.98. Maana yake ni kwamba utahitaji karibu mara tatu ya idadi ambayo ingetosha kama ungewagawa mmoja mmoja. Hii ni sababu mojawapo ya idadi ya akina mama kupita laki mbili.

Kwa kituo chenu, ningeomba kitabu cha leba kiwe na safu mbili za ziada: saa ambayo damu ilifika kwenye mstari wa kuanza tiba, na saa ambayo dawa ya kwanza ilitolewa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa faida ya asidi ya traneksamiki hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila dakika 15 za kuchelewa, na baada ya saa tatu haipo tena. Mkikuta pengo kati ya safu hizo linazidi robo saa, anzeni kwa kuangalia dawa zinahifadhiwa wapi na nani anakaa na ufunguo wa kabati usiku.