Barua kwa mwanangu aliyeniuliza yeye ni nani kwa Kijapani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Osaka. Sisi hatujambo, baba yako mgongo umemwachia na ameanza tena kutembea jioni. Ujumbe wako niliusoma nikaona haufai kujibiwa kwa simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Umeniuliza hivi: kazini Tokyo unaongea kama mtu mmoja, ukija Osaka unaongea kama mwingine, na ukinipigia mimi kwa Kiswahili unakuwa wa tatu, je, yupi kati yao ndiye wewe? Ukaongeza na habari ya yule mteja aliyekusifu kwamba Kijapani chako ni kizuri sana, wewe uliyezaliwa hapa na kusoma hapa tangu chekechea. Nakuomba uyatenganishe mambo hayo mawili. La kwanza halina ubaya wowote. La pili linao, na lina historia yake.

Nianze na la kazini. Ulisema kilichokushtua ni mafunzo ya kupokea simu. Ofisini mkuu wako wa kitengo, tuseme anaitwa Tanaka, unamwita kwa cheo, kachō, wala huthubutu kumtaja kwa jina tupu. Lakini mteja akipiga simu akamuulizia, unatakiwa useme "Tanaka hayupo mezani kwa sasa", bila cheo, bila hata lile -san wanalopewa watu wote, na kitenzi chenyewe unakishusha. Ukaona kama unamtukana mzee wa watu. Sivyo. Mbele ya mteja, wewe na Tanaka mko upande mmoja, upande wa ndani. Mteja ni wa nje, na anayeinuliwa ni wa nje. Mtu wa kwenu humpambi mbele ya mgeni. Ukishaweka simu chini, Tanaka ni kachō tena, na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Hivyo ndivyo Kijapani kilivyo kuanzia juu hadi chini. Kinakudai uonyeshe umesimama wapi na huyo unayezungumza naye. Hata kusema "mimi" ni lazima uchague, au usiseme kabisa, maana sentensi nyingi hukamilika bila hilo neno. Mtazame baba yako. Kazini alikuwa watashi, "mimi" ya adabu. Akikutana na wenzake wa shule ya sekondari anakuwa ore, "mimi" ya kiume ya kuzoeana, na sauti inashuka na mabega yanalegea. Akiongea nawe anajiita otōsan, yaani baba: "Otōsan atakuja kukupokea kituoni," kana kwamba anajitazama kwa macho yako. Mwanaisimu Suzuki Takao alilieleza jambo hili vizuri: familia ya Kijapani huitana kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote. Akizaliwa wa pili, yule wa kwanza anaitwa kaka na kila mtu, mama mzazi akiwemo, na mke anamwita mumewe baba.

Mimi nilipoolewa hapa, hilo halikunisumbua hata siku moja. Bibi yako kule Tanga, tangu alipomzaa mjomba wako mkubwa, mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe. Mama fulani, basi. Jina lake alilopewa na wazazi lilibaki kwa dada zake na kwenye kadi ya hospitali. Na mtoto akimwambia mzee "wewe" wakati anaweza kusema babu au shangazi, alikemewa palepale. Wewe mwenyewe umelelewa kwa shikamoo kabla hujaingia shule, ukajua mapema kwamba salamu inaanzia kwa mdogo. Kwa hiyo usijione kama umegawanyika vipande. Umezaliwa katika lugha mbili ambazo zote zinamtambua mtu kwa jamaa zake kwanza, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kutafuta sauti moja iliyo ya kweli kuliko nyingine. Ulipokuwa mdogo ulijiita uchi, "mimi" nyingine tena, kama wasichana wenzako wa Osaka. Ulipoanza usaili ukavaa suti nyeusi kama waombaji wote, ukawa watashi. Yule yule. Mimi nilikuwapo, nakutazama.

Ila sitaki nikupambie. Lugha ya heshima ya kazini, keigo, inachosha, na wala hukuchoka kwa sababu mama yako ni mgeni. Wenzako walioanza kazi Aprili pamoja nawe, wenye wazazi wawili wa Kijapani, nao wamewekwa darasani kufundishwa, kwa sababu nyumbani hakuna anayeongea hivyo. Kinachoniuma mimi ni pale adabu ya lugha inapogeuzwa kifuniko. Aliyekutangulia mwaka mmoja tu ni senpai, anakuzidi kauli, na wewe unajikuta huna sentensi ya kukataa isipokuwa lile chotto, "kidogo...", linaloachwa linaning'inia hewani. Kwa mambo madogo linatosha, na watu wa pwani tunaijua sana hiyo njia. Kwa dhuluma halitoshi. Ukionewa, sema "dekimasen", siwezi. Ni Kijapani safi na cha heshima, na una haki nacho.

Sasa la mteja. Najua hakukusudia ubaya. Lakini swali lililofichwa ndani ya sifa yake ni hili: mtu mwenye sura kama yako, lugha yetu ameitoa wapi? Nyuma yake kuna imani kwamba Japani ni nchi moja, watu wa aina moja, lugha moja, tangu enzi na enzi. Imani hiyo ina umri, mwanangu, na si mkubwa.

Kabla ya mapinduzi ya Meiji mwaka 1868, mtu wa Satsuma kusini na mtu wa Aizu kaskazini walipata taabu kuelewana wakizungumza. Lugha ya taifa ilibidi itengenezwe. Mwaka 1894, Japani ikiwa vitani na China, msomi Ueda Kazutoshi, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ujerumani, alitoa mhadhara akaifananisha lugha na damu ya kiroho ya wanaoizungumza. Lugha ikawa damu; na damu, unajua, ama unayo ama huna. Kisha usemi wa watu waliosoma wa Tokyo ukafanywa kigezo cha shule zote.

Waliolipa gharama ni wengine. Ufalme wa Ryūkyū, wa visiwa vya kusini, ulifutwa mwaka 1879 ukawa mkoa wa Okinawa. Shuleni huko, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa kibao cha mbao shingoni, hōgen fuda, akae nacho mpaka amnase mwenzake mwenye kosa hilo hilo ndipo amvishe yeye. Kilitumika vizazi viwili, hata baada ya vita. Usidhani ni ukatili wa Kijapani peke yake. Kenya wazee wanakikumbuka kibao kama hicho, kikipita shingo hadi shingo kwa wanaosema lugha ya mama. Mtoto anafundishwa kuona aibu na kumchongea mwenzake kwa somo moja. Waainu wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, nao walitungiwa sheria mwaka 1899 ya kuwafanya Wajapani. Ilifutwa mwaka 1997, na ni mwaka 2019 tu ndipo sheria ya nchi ilipowatambua kuwa wenyeji wa asili. Mwaka 2009 UNESCO iliorodhesha lugha nane za Japani zilizo hatarini kutoweka, Kiainu kikiwa katika hali mbaya kuliko zote. Lugha nane, katika nchi inayosemwa ni ya lugha moja!

Tena hicho kipimo cha lugha hawakifuati wenyewe. Mkumbuke Ariana Miyamoto wa Sasebo. Mwaka 2015 aliposhinda kuiwakilisha Japani kwenye Miss Universe, alikuwa amekulia Japani na Kijapani ndicho lugha yake, lakini kwa kuwa baba yake ni Mmarekani mweusi, wakatokea wa kusema hafanani na Mjapani. Miaka mitatu baadaye mcheza tenisi Naomi Osaka, aliyezaliwa hapa mjini kwetu kwa mama Mjapani na baba wa Haiti, akakulia Marekani, akashinda US Open. Waandishi wanamuuliza kwa Kijapani, anajibu kwa Kiingereza, na nchi ikamshangilia. Mwaka 2021 akawasha mwenge wa Olimpiki Tokyo. Mimi nilifurahi mpaka machozi, usinielewe vibaya. Lakini nilijiuliza binti anayeuza mkate kituoni, mwenye rangi kama yake na lafudhi ya Osaka kuliko ya meya, atashangiliwa na nani.

Kuhusu karatasi, najua bado inakuuma. Sheria ya Japani inamtaka aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili achague mmoja akiwa kijana bado, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukachagua Japani, kwa sababu maisha yako yako hapa. Hukumkana mtu. Pale Ikuno, hapa hapa Osaka, majirani zetu wa asili ya Kikorea wamezaliwa Osaka kizazi cha tatu na cha nne, wengi wao wana jina la Kijapani la kazini na la Kikorea la nyumbani. Rafiki yako wa shule ya msingi aliamua, alipofika sekondari, kutumia la Kikorea kila mahali, na dada yake akaamua kinyume. Wote wawili ni watoto wa mama mmoja, na siwezi kusema nani kati yao alikosea.

Siku nyingine mtu akikusifia Kijapani, mshukuru kisha umwambie kwa upole, kwa keigo kamili, kwamba umezaliwa Osaka. Usiongeze maelezo. Habari za baba ametoka wapi na mama ametoka wapi ni zako, utampa unayetaka.

Likizo ya Bon, ya kuwakumbuka wahenga, ikifika, ukate tiketi mapema kabla treni hazijajaa. Nataka twende Taishō, upande ule wa Osaka wanakokaa watu wengi wa asili ya Okinawa, kuna mama mmoja wa duka la vyakula anayefundisha wajukuu wa mtaa nyimbo za kwao. Nimemwambia binti yangu ana maswali. Amesema uje, na uje na njaa.

Mama yako