Kwa nini filamu za zamani za vampaya bado zinatisha

Umeuliza kwa nini watu bado wanazitazama filamu za zamani za vampaya, wale wafu wanaonyonya damu, wakati za siku hizi zina mbinu kali zaidi. Kwangu mimi ni kwa sababu zile za zamani zinakuachia nafasi ya kuogopa mwenyewe. Itazame Nosferatu ya 1922. Haina sauti, lakini kile kivuli cha Count Orlok, vampaya wa filamu hiyo, kinachopanda ngazi, vidole vimechanua kama kucha za mwewe, kinakufuata mpaka kitandani. Na tuna bahati kuwa nayo! Mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zake ziteketezwe, kwa kuwa hadithi ya Dracula, riwaya ya mwandishi Bram Stoker, ilichukuliwa bila idhini ya mjane wake. Chache zikasalimika. Hata lile jambo la jua kumuua vampaya limetokana na filamu hiyo. Kwenye riwaya ya Stoker, vampaya Dracula hutembea mchana bila kudhurika.

Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula katika filamu ya 1931, ni habari nyingine kabisa. Huoni meno marefu, muziki karibu haupo, ni macho tu na ile sauti ya taratibu. Ukimya wenyewe unasisimua mwili. Halafu 1958 akaja Christopher Lee akiigiza Dracula, kwa filamu ya rangi, damu ikawa nyekundu kwelikweli, naye akiongea maneno machache tu mwanzoni.

Vampaya wa filamu hizi ni mgeni mstaarabu, anakuvutia kabla hajakudhuru. Zimwi la kawaida unalikimbia, huyu unamsogelea. Anza na Nosferatu, usiku, taa zikiwa zimezimwa.