Kagua miguu kabla ya kulala, hasa ukiwa na sukari

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, uliofanywa kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta karibu 2% ya Wakenya wana sukari iliyopanda. Namba ndogo hiyo isikupumbaze. Utafiti huohuo ulikuta karibu 88% hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Ndiyo maana wengine hujijua siku kidonda cha kidole kimekataa kupona. Kupima ni tone la damu kabla hujatia kitu mdomoni asubuhi: 7.0 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) kwenda juu ni kisukari, na hurudiwa siku nyingine kuthibitisha.

Mguu huumia kimyakimya. Sukari ikikaa juu miaka, mishipa ya fahamu hufa ganzi kuanzia vidoleni, na mishipa ya damu huwa myembamba. Kwa hivyo msumari ukikuchoma huusikii, na kidonda hakipati damu ya kukiponya. Wengine huanza na miguu kuwaka moto usiku, wakasema ni uchovu.

Kipimo cha ganzi hakihitaji chombo. Mwenye sukari alale, afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole sita: gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usibonyeze, usitekenye, wala usirudie palipokosewa. Mguso wa pili humpa jibu. Asiposikia viwili au zaidi, mguu una ganzi na daktari auone, hata kama hauumi. Hasa kama hauumi.

Hapa Mombasa kuna jambo la kuangaliwa: udhu. Miguu ikioshwa mara tano kwa siku isipokaushwa, kati ya vidole hubaki unyevu, fangasi wakaingia, ngozi ikapasuka, na huo ufa ndio mlango wa vidudu. Tembea na kitambaa kidogo cha pamba, ukaushe kila upenyo. Mafuta ya nazi pakaa visiginoni na nyayoni kuzuia magaga, kati ya vidole usipake. Na ua wa msikiti saa saba mchana wakati wa kaskazi huunguza. Mwenye ganzi hugundua malengelenge jioni.

Ndara za kamba zina ubaya wake: mkanda husugua palepale kati ya gumba na kidole cha pili. Afadhali viatu vilivyofunika vidole. Ukienda mitumba Kongowea, nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Chora wayo wako kwenye karatasi, ukate, uutumbukize ndani ya kiatu. Ukikunjika, hicho si chako. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita moja hivi. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani upapase, maana kijiwe kimoja kinatosha.

Maji ya moto pima kwa kiwiko, si kwa mguu. Sugu usikate kwa kiwembe. Kina mama, hina ikikolea nyayoni huficha wekundu, basi kagueni vizuri kabla ya kupaka. Nyayo usizozifikia kwa macho, weka kioo sakafuni.

Ukikuta mchubuko, osha kwa maji safi, kausha, funika kwa bendeji safi, halafu usiukanyagie. Kahawa ya unga, jivu na dawa ya meno havina kazi hapo. Huficha kidonda tu. Fika kliniki kesho yake, hata kikiwa kidogo. Lakini wekundu ukisambaa, kukiwa na harufu, usaha, homa au kidole kuwa cheusi, usingoje kesho: nenda saa hiyohiyo, na ukifika sema mapema kwamba una sukari.