Ukitaka kushona nyota ya Krismasi, anza Septemba

Kila Desemba tunapopanda Moshi, mkoba mmoja huwa ni wa zawadi tu. Zamani nilikuwa nazinunua Kariakoo siku mbili kabla ya safari, kwenye joto na msukumano, na mama mkwe wangu alizipokea kwa shukrani na kuzifungia kabatini. Huu ni mwaka wa nne nashona mwenyewe. Ninachokipenda kuliko vyote ni nyota ya vitambaa vilivyokunjwa, ile ya kuepulia sufuria au kuwekea bakuli la moto mezani.

Hivi si viraka vya kuunganisha ukingo kwa ukingo. Kila kipande unakikunja kiwe pembetatu, halafu unazipanga pembetatu juu ya kitambaa cha chini kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko, kama magamba ya samaki. Wanaoitazama huuliza imekatwaje, kumbe hakuna nyota iliyokatwa. Ni mikunjo tu.

Vitambaa sinunui. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa anachoma mabaki ya vitenge kila Jumamosi jioni. Nilipomwomba alishangaa: "Dada, chukua tu, vinanijazia banda." Sasa ananiwekea mfuko. Ila usipokee kila kitu, maana hapo ndipo nilipoumia mwaka wa kwanza. Nilichagua kitenge chenye kung'aa, cha dhahabu, kizuri kweli. Nilipopitisha pasi ya moto kikajikunyata na kunata kwenye bati la pasi, na kazi ya jioni tatu ikaharibika. Kilikuwa na nailoni. Siku hizi nachomoa nyuzi mbili na kuziwasha kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nyuzi zikiyeyuka na kuacha kipunje kigumu, kirudishe kitambaa kwa fundi. Hii si habari ya urembo peke yake, kwa sababu kitambaa hiki kitakutana na sufuria ya moto mkononi mwa mtu.

Vipya vifue kwanza, wanga utoke na rangi imalize kuchuja. Kwa kukunja, kanga kuukuu inashinda kitenge kipya: ni nyepesi na imelainika, mkunjo unakaa. Nyota yangu ya pili niliianzia na kanga niliyobebea wanangu wote wawili. Pindo lilikuwa limechanika, mji, ile sehemu ya katikati, bado mzima. Wazee wa pwani husimulia kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunganisha leso ndogondogo zikawa nguo moja, na kila nikishika mkasi nalikumbuka hilo, naona sijaiharibu.

Sasa vipimo. Kitambaa cha chini kiwe marekani, yaani pamba isiyo na maua, sentimita 30 kwa 30. Kikunje msalaba, kisha kona kwa kona, upige pasi ubaki na mistari minane inayokutana katikati. Usiruke hatua hii hata kama una jicho zuri. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 6, jumla 36. Kwenye upande mrefu kunja sentimita 1 kuelekea nyuma, halafu weka mkunjo huo juu, ushushe kona zake mbili zikutane katikati ya ukingo wa chini. Umepata pembetatu yenye kitako cha sentimita 10 na kimo cha 5. Ncha yake ni pembe mraba, ndiyo maana mzunguko wa kwanza unachukua nne kamili bila kubaki nafasi.

Hizo nne zikutanishe ncha katikati kabisa, mshono wa mikunjo ukitazama juu. Kila ncha ishikize kwa uzi usioonekana, na vitako upige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu. Katikati ikipishana hata milimita 2, kila mzunguko unaofuata utaikuza kasoro hiyo, kwa hiyo fumua. Mimi nimeshafumua mara nne kwa nyota moja na sijutii. Mzunguko wa pili una pembetatu 8, ncha zikiwa sentimita 2 kutoka katikati, moja kwenye kila mstari. Wa tatu 8 tena, sentimita 4 kutoka katikati, zikiingia kwenye nafasi kati ya zile. Wa nne 16, kwenye sentimita 6. Badilisha rangi kila mzunguko, iliyoiva ifuatwe na iliyofifia, la sivyo nyota itamezwa na maua ya kitenge.

Kata duara lenye kipenyo cha sentimita 20. Ndani, kati ya nyota na kitambaa cha nyuma, weka taulo kuukuu la pamba, tabaka mbili. Sifongo usiweke hata ukipewa bure, inayeyuka. Ukingo uzungushie utepe uliokatwa mshazari, maana uliokatwa wima hauvutiki kwenye mviringo na utakusumbua.

Nyota moja inanichukua jioni nne au tano baada ya watoto kulala. Ndiyo maana nasema Septemba. Ukianza Desemba utakimbizana, na kazi hii haikimbizwi.

Watoto nao wawe na kazi yao: mnyororo wa karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, au nyota za majani makavu ya mgomba, ambayo Moshi hatuyakosi. Usiwape kazi ya pini.

Nyota ya kwanza iliyofaulu mama mkwe aliitundika ukutani, juu ya kabati lile lile la zawadi zangu za zamani, akakataa katakata isiguse sufuria. Mwaka uliofuata nikamshonea ya pili, nikamwambia, "Mama, hii ni ya jikoni." Aliigeuza akatazama nyuma kwa muda, akauliza mbona sijaandika mwaka. Tangu hapo natarizi mwaka nyuma ya kila nyota kabla ya kuweka taulo, kwa uzi mwekundu. Ile ya jikoni imeshaungua pembeni kidogo na ina harufu ya moshi wa kuni.