Mchango wa mtafiti wa fotoniki hupimwaje?

Swali: Ninatafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu katika fotoniki, yaani taaluma ya kuzalisha, kuongoza na kutumia mwanga, na nimebakiwa na maprofesa wawili. Mmoja ana fahirisi h ya 41 na mwingine ana 24, lakini wanaofanya kazi maabara humtaja zaidi huyu wa pili. Je, nifuate tarakimu au nifuate maneno ya watu?

Jibu: Tuanze na tarakimu, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Fahirisi h ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na maana yake ni nyepesi: mwenye h ya 24 ana makala 24 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 24. Kipimo hicho hakijali kama mojawapo ya makala hizo imenukuliwa mara 30 au mara 9,000, na kwa kuwa kinapanda bila kushuka, humbeba aliyekaa kazini muda mrefu. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha 41 na 24, angalia kwanza kila mmoja alichapisha makala yake ya kwanza mwaka gani.

Mimi katika fani hii hupenda kuuliza jambo jingine: baada ya kazi ya mtu huyu, ni kikomo gani kilichosogea? Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Charles Kao, ambaye mwaka 1966, akiwa kwenye maabara ya mawasiliano huko Harlow, Uingereza, alichapisha pamoja na George Hockham makala kuhusu kusafirisha mawasiliano kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Nyuzi za wakati huo zilipoteza takriban desibeli 1,000 kwa kila kilomita, yaani ukiingiza mwanga upande mmoja, baada ya mita 20 tu imebaki asilimia moja. Wengi walidhani kioo chenyewe ndicho kibaya. Kao na Hockham walitoa hoja kwamba tatizo ni uchafu uliomo ndani yake, hasa ioni za chuma, na kwamba ukisafishwa ipasavyo upotevu unaweza kushuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, kiwango ambacho asilimia moja hiyo hiyo ingebaki baada ya kilomita nzima. Wakati wanaandika hayo hawakuwa na uzi wowote uliofikia kiwango hicho. Ulipatikana mwaka 1970, pale Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walipovuta uzi uliopita lengo lile. Leo uzi wa kawaida hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, hivyo asilimia moja ile sasa huipata baada ya kilomita 100. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, miaka 43 baada ya makala yake.

Ajabu ni kwamba mhandisi anayepima nyuzi hizo leo hana sababu ya kumnukuu Kao, kwa kuwa wazo lake limekuwa maarifa ya wote, na hesabu ya nukuu haiwezi kuuona mchango uliokwisha kuyeyuka namna hiyo. Jina la jarida nalo si mizani ya kutegemewa: makala ya Theodore Maiman kuhusu leza ya kwanza, mwaka 1960, ilikataliwa na Physical Review Letters, na habari zake zikatoka kwa ufupi katika Nature. Kuhusu hataza (haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi) sina mengi, ila usizihesabu kwa wingi wake. Uliza ni ngapi kati yake zinatumiwa na mtu asiye mwenyewe.

Sasa fanya kazi moja ya jioni mbili. Chukua makala tano zilizonukuliwa zaidi za kila profesa, kisha kwa kila moja tafuta makala chache za vikundi vingine zinazoinukuu, na usome sentensi ile ile yenye nukuu. Ukikuta imeandikwa kwamba fotoniki ya silikoni, yaani ile ya kupitisha mwanga ndani ya chipu, inakua kwa kasi, ikifuatiwa na msururu wa marejeo kumi na tano, hiyo ni nukuu ya adabu (nami nimeziandika nyingi, sikatai). Ukikuta mwandishi anasema kwamba chipu yake ilichongwa kwa mbinu ya profesa huyo na upotevu ukashuka kutoka desibeli 2 hadi 0.5 kwa sentimita, hapo mtu mwingine ameweka kazi yake juu ya kazi ile, na nukuu moja ya aina hiyo naithamini kuliko hamsini za kwanza.

Wale wanaomtaja profesa wa pili nao wahoji vivyo hivyo. Waulize wanatumia kitu gani chake: hatua za kuchonga chipu, programu ya kukokotoa mwenendo wa mwanga, au namna ya kupima. Wakikitaja kwa jina na kukuonyesha kilipo mezani, basi ile 24 inaficha jambo, na ningeanza kumwandikia yeye. Wakisema tu kwamba ni mtu mwema na anafundisha vizuri, hiyo ni sifa kubwa kwa msimamizi, lakini haijibu swali la mchango wake katika utafiti.