Mawimbi bila shimo hayatoshi
Kwa jengo la ghorofa 5 Embakasi, Nairobi, kupima mawimbi ya mtikisiko ardhini peke yake bila kuchimba hakutoshi kuchora msingi, mkuu. Jiofoni (vihisi vya mtikisiko) 24 kila mita 2 na nyundo ya kilo 8 ya kugonga ardhi zitakupa kasi ya mawimbi ya mkato, yale yanayotikisa udongo kando kando: 200 m/s kwenye udongo wa 1,800 kg/m³ ni ugumu wa MPa (megapaskali) 72. Lakini huo ni ugumu wa mitikisiko midogo sana. Ukiutumia mzima kukadiria jengo litatitia kiasi gani, utapata jibu dogo mno. Tena udongo mweusi wa pamba hujionyesha mgumu wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha unafura na kupasua kuta. Hilo nyundo haikwambii. Chimba hadi mwambani, sampuli ziende maabara. Rifrakisheni nayo, yaani kipimo cha mawimbi yanayopinda kwenye tabaka gumu na kurudi juu, hailioni tabaka laini lililofunikwa na gumu.